Nilivyoitafuta Omoni

Kila mmoja wenu ananiuliza kipande chake. Kisimani nasimulia ya Kaliua, kwenye shamba la kijiji nasimulia ya Kigoma, na Jumapili baada ya ibada kuna anayetaka mwisho kabla sijamaliza mwanzo. Nimechoka kuikatakata safari hii kama nyama ya sherehe. Nimechukua daftari moja la darasa langu la kisomo, nikaandika yote kwa mfuatano. Ajuaye kusoma asome, asiyejua asomewe, kisha mniache nipalilie mihogo yangu.

Mambo ya tiketi na barua za ruhusa nayaacha. Hayo kila mtu anayajua yalivyo.

Lusu hadi Tabora

Simu ya maandishi ilikaa wiki tatu kabla ya kutufikia. Ilitumwa kwa jina la mama, kule kitongojini kwetu kwa zamani, na kule hapakuwa tena na mtu. Mnakumbuka, tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia hapa kijiji kipya, na nyumba zetu za zamani zimebaki kuta. Ile karatasi ilipita mikono mingi. Ilipofika ilikuwa imekunjwa mara nne na inanuka tumbaku, maana kuna mtu njiani alikwisha ifungia tumbaku yake.

Iliandikwa hivi: YOHANA KAUMIA OMONI NJOO UPESI.

Yohana ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Aliondoka miaka minane iliyopita kwenda kufanya kazi ya ukuli katika bandari ya Kigoma. Kila Krismasi alituletea barua ya ukurasa mmoja: yu mzima, anabeba mizigo gatini, anatusalimu. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea mama barua hizo. Nilisoma hadi darasa la nne la misheni na karatasi hainitishi. Lakini hiyo Omoni nilikuwa sijapata kuisikia.

Nikampelekea katibu wa kijiji. Akaisoma mara mbili, akafikiri, akasema Omoni lazima ni kijiji kimojawapo cha vile vipya. Mwaka ule vijiji vilizaliwa kila mahali, na kila kimoja kilipewa jina jipya, Umoja, Tumaini, Juhudi, hata yeye mwenyewe hakuweza kuyajua yote. Kwa kuwa simu ilitoka Kigoma, basi Omoni iko upande wa huko. Nikifika Tabora, akasema, nitauliza.

Mama hakuuliza lolote juu ya Omoni. Alinifungia matobolwa, viazi vya kuchemsha vilivyokaushwa, na karanga katika kitambaa, akanipa na kibuyu kidogo cha asali kwa ajili ya mgonjwa. Kisha akasema, "Nenda ukamlete. Akiwa mzima au akiwa mgonjwa, mlete."

Nilitembea hadi Nzega, nikapata basi siku ya pili yake. Karibu na Puge gurudumu moja lilipasuka, na la akiba lilikuwa limepasuka tangu wiki iliyotangulia. Dereva alilibingirisha barabarani kwenda kulitia kiraka, akatuacha juani tangu saa nne hadi saa kumi. Nilikula matobolwa yangu nikiwa nimekaa juu ya mzigo wa mtu. Tulipoingia Tabora miguu yangu ilikuwa imevimba, na hapo safari ilikuwa haijaanza.

Tabora

Nilifikia Isevya kwa mama mmoja mshonaji ambaye mama yangu alizoea kumuuzia asali. Alinipokea vizuri, akanipa mkeka na maji ya kuoga, ila naye Omoni hakuijua. Mumewe, ambaye ujana wake wote alifanya biashara ya nguo njia ya Ujiji, alitaja vituo vyote vya zamani kimoja kimoja kwa vidole vyake, akafika mwisho bila Omoni.

Asubuhi nikaenda stesheni. Treni ya Kigoma ilitazamiwa saa tatu. Saa sita tukaambiwa imechelewa Dodoma, na jioni tukaambiwa ni kesho. Karani wa tiketi nilimwamkia na kumwonyesha karatasi yangu. Alikuwa mpole. Alipitisha kidole kwenye orodha ya vituo, Urambo, Kaliua, Uvinza, na vile vidogo vya katikati, akasema kituo cha namna hiyo hakipo, pengine ni kijiji cha ndani, nikate tiketi ya kwenda hadi Kigoma ili nisikosee.

Nyuma yangu alikuwapo mama mmoja amebeba mtoto mgongoni. Alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini hiyo omo inauzwa duka gani. Mwezi wa pili huo, akasema, hajaona hata sabuni ya mche, na nguo za mtoto anazifua kwa majivu. Nikamwambia si omo ya kufulia, ni mahali, ndugu yangu kaumia huko. Hakuniamini. Alinifuata hadi bombani, kisha hadi kwenye benchi nilipokaa, na kabla ya adhuhuri walikuwa wanawake watatu wanaonitazama kila ninapofungua mzigo wangu. Mwisho niliwaonyesha karanga. Wakaenda zao wamenuna.

Treni iliingia kesho yake alasiri.

Kaliua

Katika behewa letu la daraja la tatu nilikaa karibu na bwana mmoja mwenye koti, mpimaji wa tumbaku. Alikuwa mtu wa adabu, aliniita dada na kunisogezea mzigo wangu usilowe, kwa kuwa mvua ilikuwa inaingia dirishani. Nilipomweleza habari yangu alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

"Omoni naijua," akasema. "Iko njia ya Mpanda. Tumbaku yao mwaka jana niliipima mimi mwenyewe. Ushuke Kaliua, ubadilishe treni."

Nilimwambia kwamba karani kaniambia nifike Kigoma. Akasema makarani huijua reli tu, hawajui vijiji. Nikashuka. Niliitazama ile treni ikiondoka kwenda Kigoma na nafasi yangu, na nikajiona mwerevu.

Pale stesheni ya Kaliua alikuwapo mwanamke anayeuza uji, wanamwita Mama Kulwa. Nilinunua kikombe, nikamuuliza treni ya Mpanda inaondoka lini na Omoni ni kituo cha ngapi. Akaniuliza nani kaniambia. Nikamweleza. Akaweka upawa chini, akamwita kibarua mmoja wa reli, wakasemezana Kinyamwezi. Kisha akanigeukia akaniambia kwamba njia ya Mpanda hakuna Omoni. Kuna kijiji kinaitwa Imani. Kinalima tumbaku.

"Imani," akarudia, polepole, ili nisikie vizuri.

Treni iliyofuata ya kwenda Kigoma ilikuwa keshokutwa.

Nilikaa kwa Mama Kulwa siku mbili. Nyumba yake ilikuwa mpya kama yetu, imeezekwa nusu, maana nao walihamishwa na nyasi zilikuwa hazijatosha. Mumewe alikuwa ameenda kutafuta nyasi. Tulikula ugali wa unga wa njano, ule wa msaada, kwa kisamvu, na mimi ndiye niliyekitwanga kile kisamvu, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa mwenyeji wangu. Nilikitwanga kwa hasira mpaka akaniambia kimekwisha lainika zamani.

Siku ya pili nilikaa mlangoni nikiitazama reli. Nilihesabu wiki tatu za ile karatasi, na siku za basi, na siku za stesheni, nikafikiri kwamba mtu akiandikiwa njoo upesi, halafu afike baada ya mwezi, kinachomngoja si mgonjwa tena. Mama Kulwa aliona uso wangu. Hakunipa maneno ya kunifariji. Alinipa mtama niuchambue, naye akakaa akachambua pamoja nami, na jioni ikaingia.

Malagarasi

Treni ya pili ilikuwa imejaa zaidi. Nilisimama mpaka Usinge, hapo nikapata ncha ya benchi karibu na mama mmoja wa makamo, amevaa kanga mbili na mbele yake ana matenga matupu yananuka samaki. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanisogezea tenga moja nipumzishe miguu. Jina lake Bi Mwamvua, mwenyeji wa Ujiji. Huchukua dagaa kwenda kuuza Tabora na kurudi na matenga.

Tulipokuwa tunakaribia mto Malagarasi aliniuliza naenda kwa nani. Nikatoa karatasi. Kwa siku zile ilikuwa mazoea, mtu akinisalimu mimi natoa karatasi. Akasema macho yake hayaoni maandishi madogo, nimsomee. Nikamsomea. Akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Mwanangu, Omoni si mji," akasema. "Omo ni kichwa cha chombo. Mbele, pale panapokata maji. Nyuma ni tezi, mbele ni omo. Huyu ndugu yako kaumia kwenye omo ya chombo."

Nikamwambia hapana, ndugu yangu ni kuli wa gatini, hapandi vyombo.

"Kuli huumia gatini, au huumia ngamani, tumboni mwa chombo, akipakia mizigo. Anayeumia omoni ni mtu wa nanga."

Marehemu mumewe alikuwa fundi wa mashua. Alilichukua tenga, akalilaza ubavu, akanionyesha kwa kidole. Huu ndio mkuku, uti wa chini. Huu mti unaopanda kwa kulala mbele ni hanamu, ndio unaopasua maji. Ncha yake ya juu, ile inayopambwa, ni gubeti. Meli za chuma hazina gubeti, akasema, lakini omo ni omo, ya mti au ya chuma. Na upepo unaokuja usoni mwa chombo huitwa upepo wa omo, nao ndio mbaya kuliko wote.

Nilimsikiliza, lakini kilichokuwa kinanichoma moyoni si maneno yale. Mama yangu haogopi kitu duniani ila maji. Kaka yake alizama mtoni wakati wa masika akivusha ng'ombe, na yeye alikuwa ng'ambo akitazama. Yohana alipoaga kwenda Kigoma, aliapishwa kwamba atafanya kazi nchi kavu. Miaka minane nimemsomea mama barua zisemazo nabeba mizigo gatini, na nilizisoma kwa sauti ya furaha.

Bi Mwamvua alinikatia kipande cha muhogo wa kuchemsha. "Wangekuandikia kafa, kama kafa," akasema. "Wamekuandikia kaumia." Nikakishika kile kipande mpaka Uvinza bila kukila.

Kigoma

Ziwa nililiona dirishani nikadhani ni moshi wa mashamba yanayochomwa, mpaka jua lilipolipiga likang'aa. Sikuwa na nguvu za kulishangaa. Bi Mwamvua alinionyesha njia ya hospitali, akaniambia nyumba yake Ujiji ni ya tatu kutoka sokoni, nikikwama nije.

Hospitalini waliniambia Yohana alitoka siku kumi zilizopita. Mhudumu aliyenielekeza alisema anakaa mtaa wa Mwanga, chumba kimoja na baharia mwenzake aitwaye Hamisi. Nilimuuliza kaumia nini. Akasema mkono wa kushoto. Nilimuuliza umeumia namna gani. Akanitazama kidogo kisha akasema, "Mama, haupo."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Yohana alikuwa amekaa sakafuni, ameipa kisogo barabara, anafunga kamba nene kwenye mguu wa kitanda. Alikuwa anaishika kwa mkono wa kulia, anaipitisha, anaibana kwa meno, anaivuta. Ikifungika, anaifungua, anaanza tena. Shati lake upande wa kushoto lilikuwa limefungwa fundo. Nilisimama pale nikimtazama akifunga na kufungua.

Alipogeuka alinitazama kama mtu aliyeota. "Dada," akasema. Kisha akauliza, "Mama yuko hai?"

"Yuko hai. Amenituma nikulete."

Akairudia kamba yake. "Basi umejichosha bure."

Baada ya hapo alinipa kiti, akanitilia maji ya kuoga, akatoka mwenyewe kwenda kununua samaki. Hamisi alirudi akapika. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, chakula kitamu, na mimi nilikuwa na njaa ya siku tisa. Lakini kabla ya kula, Yohana aliusogeza mkono wake kwenye bakuli, akautia majini, ukakaa hapo. Mkono mmoja haujinawishi. Hamisi aliinuka ili amnawishe kama alivyozoea, nami nikamwambia akae. Nilimnawisha mimi, kila kidole, kama alipokuwa mdogo.

Ndipo akasimulia. Mwaka wa pili wa ukuli, baharia mmoja aliugua, wakamchukua yeye badala yake kwa safari moja, na hakushuka tena. Aliwekwa omoni. Vijiji vingi vya ziwani havina gati, akasema, meli husimama majini, nanga inashushwa, na watu wanakuja kwa mitumbwi. Mtu wa omo ndiye wa kwanza kuwaona na wa kwanza kuonwa nao.

"Wananiita kwa jina, dada," akasema. "Kuanzia hapa hadi Kasanga. Wanaita Yohana kabla meli haijasimama."

Siku ya ajali upepo wa omo ulikuwa mkali na meli inayumba. Nanga ilipokuwa inashuka mnyororo uliruka, ukaubana mkono wake kwenye tundu unamopita. Hamisi ndiye aliyeutoa, na ndiye aliyepeleka ile simu. Nilimuuliza Hamisi kwa nini aliandika Omoni bila kueleza. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Alizaliwa Ujiji. Hakujua kwamba kuna mtu asiyejua omo.

Nikauliza na ile kamba ya kitandani ni ya nini. Nahodha alikuwa amemwambia Yohana kwamba meli ikirudi kutoka kusini aje gatini aonyeshe kama mkono mmoja unaweza kutupa kamba na kuifunga. Ukiweza, wataongea. Usipoweza, aende kwao.

Meli ilitazamiwa baada ya siku tatu.

Siku hizo tatu tuligombana kila siku. Nilimwambia mama ni mzee. Alijua. Nilimwambia alimdanganya. Akaifungua kamba, akaifunga tena. Nilimwambia kijijini sasa tunalima pamoja, hakuna mtu anayeachwa na njaa kwa ulemavu wake, na nilisema kweli. Akaniuliza atashika jembe kwa lipi. Nilimwambia kuna kazi nyingine, kuna ghala, kuna kuchunga. Akasema, "Nitakuwa yule aliyekatika mkono." Nikamwambia na hapa je? Akasema hapa pia, ila hapa walimjua kabla.

Omo

Meli ilifika adhuhuri. Nilipanda ubao wa kupandia nimemshika Hamisi bega kwa mikono yangu yote miwili, wala sioni haya kusema. Yohana alitangulia. Alitupeleka mbele kabisa, hadi pale ubavu wa kulia na wa kushoto unapokutana na kuwa kitu kimoja. Ni mahali pembamba, pamejaa chuma na kamba, pananuka kutu na mafuta. Nilikuwa nimepatafuta tangu Lusu, na ni hatua sita kwa hatua nne.

Alinionyesha kila kitu kwa jina lake. Alinionyesha mtambo wa kuvutia nanga, na mnyororo, na tundu, na akaligusa lile tundu kwa kiganja kama unavyomgusa ng'ombe. Aliniambia niiname juu ya ukingo niione hanamu ya chuma inavyoshuka majini. Niliinama kidogo tu. Wakati ule sauti yake ilikuwa ya Yohana ninayemjua, yule aliyekuwa anatuchosha kwa maneno. Chumbani sikuisikia hata mara moja.

Nahodha alikuja. Alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, anayeonekana hajalala siku nyingi. Alimwamuru Hamisi ashuke gatini. Yohana akachukua kamba nyembamba yenye uzito nchani, akaizungusha, akaitupa, Hamisi akaidaka. Hilo lilikwenda vizuri. Kisha ikaja kamba nene ya kufungia meli, aizungushe kwenye kigogo cha chuma na kuikaza. Mara ya kwanza iliteleza. Alijaribu tena, akaibana kwa meno, na ilipotaka kuteleza akaikandamiza kwa kile kigutu cha kushoto, ambacho hakijapona vizuri. Nikaona jasho likimtoka usoni. Kamba ikashika. Nahodha akaipiga teke, ikakaa. Akaipiga tena.

Hakumwambia Yohana kitu. Alinigeukia mimi.

"Mama, wewe ndiye dada yake?"

"Ndimi, baba."

"Umekuja kumchukua?"

Niliona alichokuwa anatafuta. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka mtu wa kumkabidhi Yohana, ili asiwe yeye aliyemfukuza. Ningejibu ndiyo, na kila mmoja pale angepumua, na mama angemwona mwanawe kabla ya mwezi kwisha, na hapa kijijini mngenipokea kwa vigelegele. Jibu hilo nililibeba tangu nyumbani. Yohana hakunitazama. Alikuwa ameshika ile kamba, anatazama maji.

"Nilikuja kumwona," nikasema. "Nimekwisha mwona. Nitarudi peke yangu."

Nahodha alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akasema Yohana atakwenda safari moja, hadi kusini na kurudi. Atakaa omoni kutazama maji na kutupa kamba. Nanga asiiguse. Wakirudi, ataona. Akaondoka.

Kurudi

Kurudi kulichukua siku sita. Yohana alinibebea mzigo hadi stesheni na hakukubali niushike. Alinipa migebuka mikavu kwa ajili ya mama, na kabla treni haijaondoka aliniomba nimwambie mama kweli yote, hata ya barua. Nikamwambia hilo angelifanya mwenyewe. Akasema atafanya, ila nitangulie.

Treni ilisimama kutwa nzima kabla ya Usinge kwa sababu ambayo hakuna aliyetuambia. Nilipokuwa napita Kaliua Mama Kulwa alinipa uji dirishani, akaniuliza kama nilifika. Nikamwambia nilifika. Hapo Tabora sikukaa, na basi la Nzega siku hiyo halikuharibika, nami sikuwa na nguvu hata za kulishukuru.

Mama alikuwa amekaa nje ya nyumba anapukuchua mahindi. Aliniona tangu mbali, na aliona kwamba niko peke yangu, lakini hakuacha kupukuchua. Nilikaa chini kando yake nikamwambia yote kwa Kinyamwezi, kama nilivyoyaandika hapa, ya meli na ya barua na ya nahodha na ya jibu langu. Nilimwambia nilitumwa kumleta na sikumleta. Nilikuwa tayari kwa lolote.

Juu ya maji hakusema neno. Juu ya barua za uongo hakusema neno. Aliuliza kama Yohana amekonda. Aliuliza huyo Hamisi ni mtoto wa nani, na kama ana mama. Kisha akaweka gunzi chini, akapangusa viganja.

"Ule mkono," akasema, "waliuzika wapi?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikaa naye siku nne, nikamnawisha, nikagombana naye, na jambo hilo halikunijia kichwani hata mara moja. Nikamwambia hivyo. Mama akasema mtoto wake alimzaa na mikono miwili, na wa kwanza kuiosha ni yeye.

Asubuhi alikuja na karatasi na kalamu alizoazima kwa katibu. Akakaa mbele yangu mpaka nikamwandikia Yohana lile swali, nikamsomea mara mbili. Nikamuuliza niandike nini kingine. Akasema hilo tu.